Kathini Alivyokopiwa Kwa Kompyuta Mpya

Hapana, hawakuwa mapacha. Kila mtu anapitianga hapo, hata yule daktari wa ng'ombe aliuliza hivyo hivyo. Mama yake Kathini alizaa msichana mmoja tu, kule Kyuso, na wavulana wake wawili waliisha, mmoja kwa gari na mmoja kwa maradhi. Huyu wa pili alitoka kwa kompyuta. Ngoja nikuambie pole pole, maana ukianzia katikati utafikiri ni mimi nazeeka.

Wewe unajua ile ofisi ya sosaiti yetu hapa Kibwezi, ya mabati ya kijani, kabla hujafika mtoni. Sisi wakulima wa kunyunyiza maji tunapelekanga pilipili pale, zile ndogo kali za kwenda ng'ambo. Unafika na gunia, unapanga laini, Kathini anapima kwa mizani, anaandika kwa kompyuta. Akimaliza kupima anashika simu. Akimaliza simu anapikia kamati chai. Kamati ikimaliza chai anaosha vikombe, halafu anafagia, maana pilipili ikikanyagwa kwa simiti hakuna mtu atakaa hapo ndani bila kulia. Mwenyekiti alikuwa anaitwa Muindi. Huyo mtu hata akikuamkia asubuhi ilikuwa kama umemkanyaga kidole.

Hiyo asubuhi nilikuwa kwa laini, gunia iko mbele yangu. Simu ya Kathini ikalia. Akaibana kwa bega na akaendelea kupima. Ni simu ya zile zinaongea kwa nguvu, kwa hivyo laini yote ilisikia. Alikuwa mama yake, Kavata.

"Mguu umekataa," mama akasema. "Hospitali wanasema watapasua, lakini lazima mtoto wangu awe hapo wa kukaa na mimi. Nikawaambia ninaye. Yuko Kibwezi, ana kazi ya kompyuta."

"Nitakuja, mwaitu," Kathini akamjibu mama.

"Hiyo umeniambia tangu ndengu ikiwa maua. Sasa tumevuna."

Kathini akaweka simu chini, akaenda kwa mlango wa mwenyekiti, hata hakuingia.

"Mwenyekiti, naomba ruhusa niende Kyuso. Mama yangu anapasuliwa mguu."

"Na nani atapima?" Muindi akamuuliza. "Mimi?"

"Siku chache tu."

"Kathini, leo kompyuta mpya inakuja. Hata sijui kwa nini unaongea."

Na kweli ikaja. Aliileta Mikail, yule fundi Muislamu wa kutoka Mwingi, ana duka karibu na stesheni. Mtu mpole sana, anaongea kama hataki kuamsha mtoto. Akatoa ile mpya kwa boksi, akaiweka meza moja na ya zamani, akaziunganisha na waya. Halafu akamwelezea mwenyekiti, na sisi tukasikiza kwa sababu laini ilikuwa imesimama.

Akasema kila mtu anatumia hii ya zamani ako na akaunti yake. Jina lake liko ndani, paswadi yake, na kazi yake yote tangu aanze. Na kuna programu ya mizani, hiyo pia inaenda. "Sasa mwenyekiti, hizi akaunti za watu, nihamishe ama nikopi? Nikihamisha, huku kunabaki wazi. Nikikopi, inakuwa huku na huku."

Hapo ndipo maneno yote ilianzia. Sisi watu wa huku hatutupangi kitu ya zamani mpaka ile mpya izoee. Ingia boma yoyote utaona redio mpya imekalia redio ya zamani, na jiko mpya iko na lile la kutoboka hapo chini. Ukitupa ya zamani haraka, mpya inajua huna mahali pa kurudi, inaanza madharau. Hata nyanya yako mpaka leo anaweka ule mtungi ulipasuka kando ya tangi.

"Kopi," Muindi akasema. "Na hiyo ya zamani usifute hata nukta. Itaenda stoo. Tutapimia wale wa ng'ambo ya mto huko."

"Kwa kawaida akaunti za watu tunahamisha tu," Mikail akasema.

"Nani amemwita mwingine, ni wewe ama ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kopi."

Mikail akabonyeza. Kukatokea laini ya kijani kwa kioo, inatembea. Ilianza na akaunti ya mwenyekiti. Muindi hakuwa ameifungua hata siku moja tangu atengenezewe, kwa hivyo upande wa pili kulitoka kikohozi tu, kile chake cha kusafisha koo kabla ya kugombana. Mpaka leo kinakaanga hapo kwa kona ya ofisi, na watu wakikisikia wanaficha simu. Halafu ikaja ya mweka hazina, yeye alikuwa akiingia mara moja moja. Kukatoka kiatu ya kushoto na harufu ya ugoro. Mikail akaiweka kando.

Halafu ikafika kwa Kathini, na hapo laini ikaenda pole sana. Mikail akasema huyu ana vitu vingi, ni kazi ya miaka, na Jumapili zingine ziko hapo ndani. Kathini mwenyewe alikuwa amerudi kwa mizani, maana watu walikuwa wanalalamika. Akapika chai, kamati ikanywa. Laini ilipojaa, kulikuwa na Kathini amesimama nyuma ya kiti ya kompyuta mpya, na leso ile ile, na plasta ile ile kwa kidole gumba. Na Kathini alikuwa bado kwa mizani ameinua gunia yangu.

Yule mpya akamwangalia. "Hiyo gunia umeiweka vibaya."

"Kuja uiweke wewe," yule wa mizani akamjibu.

Mikail akasoma kioo, akasema imeingia yote, hakuna kitu imepotea. Muindi akauliza kama kuna mahali pa kuweka sahihi, akaweka. Sisi wa laini tulifurahi kidogo kwa sababu tulijua sasa itasonga.

Wakati Mikail alikuwa anakunja waya zake, akamwambia mwenyekiti kwa sauti ya chini, "Ukitaka naweza kufuta mmoja. Lakini kusema ukweli sitajua ni gani nimefuta."

"Umesikia mimi nikilalamika?" Muindi akasema.

Basi kompyuta ya zamani ikabebwa stoo, na yule Kathini wa kwanza akabebeshwa kiti chake akaifuata. Huyo tukamwita Kathini wa stoo. Yule alitoka kwa waya akabaki mbele, akaitwa Kathini wa ofisi. Kila kompyuta ilikuwa inafunguka kwa mtu wake tu. Ukimweka wa ofisi mbele ya ile ya stoo, inabaki nyeusi, na hata ukibadilisha ni hivyo hivyo. Wa ofisi alipima, akaandika, akashika simu, akapika chai, akaosha vikombe, akafagia. Wa stoo naye alipima, akaandika, akashika simu, akapikia madereva wa lori chai, akaosha vikombe, akafagia. Hakuna mmoja alipunguziwa kitu. Mikono iliongezeka, na kazi ikaongezeka ikaifikia.

Jioni walirudi nyumbani kwa njia moja. Mmoja akitangulia, mwingine anaharakisha anampita. Gedion, bwana yao, alikuwa amekaa nje anatengeneza pampu ya maji. Akawaangalia wote wawili.

"Nani anapika?"

"Yeye," wakasema.

Mwongeli, msichana wao, akauliza ni nani atamsaidia na hesabu za shule. Wakasema "yeye" tena, kwa hivyo akafanya peke yake akazikosa zote. Gedion aliwaza kidogo, akaona ni mpango mzuri. Asubuhi mmoja atanyunyiza shamba kabla ya kazi na mwingine atakamua mbuzi. Zamani Kathini alikuwa akifanya zote mbili, lakini sasa Gedion aliongeza shamba, na mbuzi pia akaongeza.

Kanisa ndiyo ilisumbuka kidogo. Gedion ni shemasi, na kanisa letu mtu wa wake wawili anakalishwa benchi ya nyuma na hapewi meza ya Bwana. Pasta Kyule akamwita mbele ya wazee.

"Shemasi, umeoa wa pili?"

"Sijaoa. Nimeletewa."

"Ameokoka?"

"Alibatizwa siku moja na huyu mwingine. Hata maji ni yale yale."

Wazee wakaleta picha ya harusi, wakahesabu bibi arusi, wakapata ni mmoja. Wakaamua Gedion ni bwana ya mke mmoja, lakini hao Kathini wasionekane benchi moja Jumapili moja, wageni wasichanganyikiwe. Kwa hivyo mmoja akawa anaenda kuimba na mmoja anabaki kupika, wakibadilishana. Wanawake kule kwa mfereji hawakuwaachilia. Mmoja alimuuliza Kathini wa ofisi, "Leo ni zamu yako ya kuwa na roho ama ni ya mwenzako?" Naye akajibu, "Ya kwako ulishaiuza kwa mfereji huu huu, kwa hivyo usiniulize." Mtungi ukajaa, akaubeba akaenda.

Lakini kuna kitu moja hawakuwa nacho wawili. Mama alikuwa mmoja.

Kavata alikuwa anapiga simu, na kwa sababu Muindi alinunua simu ya pili na laini yenye inalia kwa zote, yeyote alishika. Wa stoo anamwambia "nitakuja, mwaitu." Kesho yake wa ofisi anamwambia "nitakuja, mwaitu." Mama wa watu akawa ameahidiwa mara mbili na hakuna mtu ameona njiani. Na hao wawili kila mmoja alifikiri hivi: sasa tuko wawili, mmoja abaki, mimi niende. Wakakutana stoo kuongea hayo maneno, wakati wa kukausha pilipili.

"Mimi ndiye mama alizaa," wa stoo akasema. "Wewe ulizaliwa na waya."

"Na ile homa ya utoto, akinibeba kwa mgongo mpaka Mwingi na jua? Hiyo niliota?"

"Hiyo unakumbuka yangu."

"Naikumbuka hata kuliko wewe. Wewe huwa unasema alikuwa amevaa viatu. Hakuwa na viatu."

Wa stoo akamshika kitambaa ya kichwa, wa ofisi akashika pilipili ngumi moja akampaka usoni, na wa stoo naye akachota. Tuliwasikia tukiwa huko kwa laini. Walitoka wakaenda kwa mfereji wakaosha macho pamoja, bega kwa bega, wanalia, na hakuna mtu angejua machozi gani ni ya pilipili na gani ni ya mama.

Wakaenda hivyo hivyo kwa mwenyekiti, macho mekundu.

"Tuko wawili," wa ofisi akasema. "Mmoja anaweza kwenda Kyuso na kazi isilale."

"Mmoja gani?" Muindi akauliza.

"Mimi," wote wakasema.

Muindi akacheka. Sijui kama umewahi kumsikia akicheka, ni kama mtu anavunja kuni. "Nendeni mkaelewane kwanza. Mimi siwezi kuamua kesi ya mtu na yeye mwenyewe."

Ilichukua muda, na haikuwa kwa upendo. Walielewana kama watu wanagawana mpaka wa shamba, kila mmoja akiangalia jiwe. Wa stoo ataenda kwanza, akae na mama wakati wa kupasuliwa. Mguu ukianza kupona, wa ofisi atambadilisha. Wakarudi kwa Muindi.

"Vizuri," akasema. "Sasa, mko na vitambulisho ngapi?"

Wakaangaliana. "Kimoja."

"Livu, hiyo ruhusa mnaomba, inaenda na kitambulisho. Na livu ya hicho kitambulisho iliisha wakati Mwongeli alilazwa na malaria."

"Kwa hivyo watu wawili hawana livu hata ya mmoja?"

"Kwa upande wa kazi mko wawili. Kwa upande wa livu mko mmoja. Hii sheria sikuitengeneza."

"Nani aliitengeneza?"

"Kamati."

"Na mwenyekiti wa kamati ni nani?"

Kile kikohozi kikakohoa pale kwa kona, na hayo maneno yakaisha.

Baada ya hapo walichukiana vibaya. Wa stoo alisema wa ofisi aliharibu kwa mdomo. Wa ofisi alisema wa stoo asingekuwa na roho ya kusukuma maneno mpaka kesho, wangepewa mapema. Nyumbani walikuwa wanapika kwa meko mbili, na Gedion akala kwa zote ili asionekane anapendelea. Ni yeye tu alinenepa mwaka huo.

Ilikuwa Jumapili, mchana, mimi nilikuwa nimeenda kuazima ile pampu. Tukaona mtu anakuja na njia ya mtoni, anaweka fimbo, anavuta mguu, anaweka fimbo. Alikuwa Kavata. Alikuwa ametoka Kyuso kwa basi mpaka Kitui, akalala kwa jamaa, akapanda ingine ya Mutomo na Ikutha mpaka hapa. Mguu ulikuwa umefungwa na leso na alikuwa na ndengu kwa kiondo.

Sasa, wewe umekulia Nairobi, labda hii hujui. Mama mkwe haingiangi kwa boma ya mkwe wake bila kuitwa. Mkwe naye hamwangalii usoni, hawakai pamoja, hawali pamoja. Tunaita nthoni. Ni heshima, lakini ni heshima nzito, inaweza kufunga mlango kabisa. Kwa hivyo kumuona Kavata anaingia hapo peke yake, bila mtu wa kumtangulia, mimi nilijua huyo mama ameshamaliza aibu yote alikuwa nayo.

Gedion alisimama mara moja, akageuka, akaangalia ukuta. "Mwongeli," akasema, "mwambie nyanya yako karibu."

"Nyanya, karibu," Mwongeli akasema.

"Mwambie baba yako asante," Kavata akasema, na akakaa kwa kiti ya Gedion.

Kathini wa stoo alikuwa kwa moto na mwiko. Kathini wa ofisi alikuwa anaingia kutoka kanisani na kitabu cha nyimbo. Wote wakasimama. Mama akamwangalia huyu, akamwangalia huyu.

"Nilizaa Kathini mmoja," akasema. "Naskia mmekuwa wawili, na hakuna hata mmoja alikuja."

"Mwaitu," wakasema.

"Msiniite pamoja. Mimi si zizi."

"Ni huyu aliharibu," wa ofisi akasema.

"Ni yeye," wa stoo akasema. "Hata leo mimi niko jikoni, yeye anaimba."

"Mguu haujali ni nani aliharibu," Kavata akasema. Akafungua leso. Ulikuwa na rangi ya sufuria imeungua, kutoka kwa kifundo mpaka karibu na goti. Hospitali walikuwa wamemrudisha mara nyingi kwa sababu ya kukosa mtu wa kukaa naye. Akaufunga tena, pole pole, kama mtu anafunga mzigo wa kubeba mbali. Wa stoo akaleta kigoda, wa ofisi akauinua huo mguu akauweka juu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliwaona wakifanya kitu moja.

Tukasikia pikipiki. Ni Muindi. Hakushuka hata.

"Kathini. Lori imekuja leo badala ya kesho. Nataka wa stoo."

"Wewe ndiye mwenyekiti?" Kavata akamuuliza.

Muindi akazima pikipiki. "Ndio mimi, mama. Habari ya Kyuso?"

"Kyuso iko. Nipe mmoja."

"Mmoja wa nini?"

"Mmoja wa hawa. Mimi sichagui. Yeyote, anipeleke hospitali, akae mpaka niweze kusimama, halafu nikurudishie."

Muindi akavua kofia, maana alikuwa anaongea na mzee. "Mama, ningekupa. Lakini kila mmoja ana kompyuta yake na haifungukii mtu mwingine. Nikikupa huyu, stoo inafungwa. Nikikupa huyu, ofisi inafungwa. Na wakulima kama huyu mzee wataniuliza mimi."

Akaninyoshea kidole. Na mimi nilikuwa na pilipili shambani imeiva.

Kavata akafikiri. "Basi kopi mwingine," akasema. "Kopi mmoja wa kwenda na mimi. Si ni rahisi kwenu?"

"Tulishakopi jana, mama. Lakini huyo ni wa Kambu. Tumefungua ofisi ndogo hapo kwa barabara kubwa."

"Kopi mwingine tena."

"Kompyuta ingine haiko. Bila kompyuta, mtu hana mahali pa kutokea."

Gedion akaongea kutoka kwa ukuta. "Mwongeli, mwambie nyanya yako mwenyekiti anasema ukweli. Hata mimi niliuliza hiyo."

"Mwambie baba yako nimesikia," Kavata akasema. "Nitarudi na basi ya asubuhi."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anasema mvua imepita upande ule mwingine. Wa stoo akaanza kufungua leso yake ya kupikia kama mtu anataka kufuata basi sasa hivi, halafu akaangalia Muindi, akaifunga tena. Wa ofisi alikuwa ameangalia chini.

Chakula ilikuwa tayari, muthokoi, yale mahindi yetu ya kutwangwa, na kuku. Wa stoo akabeba sufuria, wa ofisi akachukua jagi ya kunawa mikono, wakasimama, mmoja huku na mmoja huku, vile inafanyikanga. Kavata akakataa kunawa.

"Kaeni."

"Nani atapakua?" Gedion akauliza ukuta.

"Sufuria iko na mdomo. Iwekwe katikati, kila mtu ana mkono. Mimi sikutoka Kyuso kuja kuangalia watoto wangu wamesimama."

"Lori inangoja," Muindi akasema.

"Na wewe kaa. Hata lori inawekwanga mafuta."

Muindi akaangalia kuku. Akashuka kwa pikipiki. Hao Kathini wakaangaliana, wakakaa kwa benchi, mmoja mwisho huu na mmoja mwisho ule, na katikati kukabaki nafasi kubwa hakuna mtu alitaka kuijaza.

Hapo ndipo aliingia mwingine. Alikuwa na vumbi mpaka kwa kope, ufunguo umening'inia kwa shingo, na leso ile ile.

"Nani amekupa ruhusa ya kutoka Kambu?" Muindi akamuuliza.

"Waya ya stima ya kompyuta ilibaki huku. Nimekuja kuichukua. Lori ya mahindi imenibeba."

"Hiyo ni sawa," Muindi akasema.

Yule wa Kambu akamwona mama. Akasimama. "Mwaitu. Nilikuwa nije."

Kavata alimwangalia muda mrefu, kutoka kwa kichwa mpaka kwa viatu, halafu akaangalia mguu wake mwenyewe pale kwa kigoda.

"Umekula?"

"Bado. Tangu jana."

"Sogeeni," Kavata akawaambia wale wawili, na wakasogea. Wa Kambu akakaa katikati, na benchi ikawa imejaa.

Muindi ndiye aliomba, kwa sababu ndiye alikuwa mkubwa wa cheo. Alimshukuru Mungu kwa chakula, na kwa mgeni kufika salama, na kwa mikono mingi ambayo ameipatia sosaiti yetu. Kavata hakufunga macho. Alikuwa anachambua kuku, anaweka kipande kwa sahani ya huyu, na ya huyu, na ya huyu, na yake ikabaki na mchuzi. Lori ikapiga honi kule ofisini. Tukasema amina. Gedion akachukua sahani yake akaiweka kwa goti, uso kwa ukuta, Mwongeli akakaa kando yake, mimi nikaweka pampu chini nikavuta gunia nikalikalia. Lori ikapiga tena, ikangoja, na sisi wote tukala.